Arobaini mbili

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, kila mtu nyumbani alipata kazi isipokuwa mimi. Mama mkwe alishuka stendi na kapu la ndizi, akalitwaa jiko lote kwa ajili ya mtori. Mama yangu mzazi alifika kesho yake, akakuta jiko limeshakaliwa, akabeba beseni na taulo na kutangaza kwamba kukanda ni kazi yake, asiguse mtu. Dada zangu wakachukua nguo. Mimi nilihamishiwa kwenye kochi la sebuleni na mto mmoja, nikaambiwa nikae karibu na mlango, nipokee wageni, na nikimbilie dukani kila pampasi zikiisha.

Ndivyo arobaini ilivyo katika nyumba nyingi, za pwani na za bara. Mama na mtoto wako ndani, bibi ndio serikali, baba ni mgeni kwake. Hata sheria haikumtegemea sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inampa baba siku 3, tena azichukue ndani ya wiki ya kwanza. Zangu zilikwisha nikituma picha za mtoto kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kujibu swali la amefanana na nani.

Wakati huo wote, karatasi ambayo ingenihitaji kuliko pampasi ilikuwa mezani, chini ya chupa ya chai.

Nazungumzia tangazo la kizazi, lile wanalokupa hospitali mama akiruhusiwa. Sisi tulilikunja ndani ya kadi ya kliniki, likatoka, likarudi, likawa kitako cha chupa. Tulipokuja kulitafuta, mtoto ana miaka miwili na ushei na tunataka kumwingiza kwenye bima ya afya, lilikuwa na mduara wa rangi ya majani ya chai uliopita juu ya tarehe. Mahali pa jina la mtoto paliandikwa "Mtoto wa kike", kwa sababu siku ile tulikuwa bado tunamsubiri babu yake apige simu kutoka kijijini atoe jina. Na jina la mama yake lilikosa herufi moja, h.

Mimi niliicheka ile h. Mtumishi wa dirishani hakucheka. Alizitandaza mbele yake karatasi tatu: tangazo, cheti cha ndoa na nakala ya kitambulisho cha taifa cha mke wangu. Kwenye tangazo mama hana h. Kwenye cheti cha ndoa anayo, lakini ana majina mawili tu. Kwenye kitambulisho anayo h na jina la babu limeongezeka katikati. Akaweka kidole kwenye kila karatasi, moja baada ya nyingine.

"Mzee, hawa ni wanawake watatu. Nenda kwa wakili, mkaape kwamba ni mmoja."

Tukaenda, tukaapa, tukagongewa muhuri. Sitaitaja ofisi, na wala sina ugomvi nayo, maana mtumishi yule alikuwa sahihi. Mkosaji alikuwa yule bwana wa kwenye kochi.

Tangu siku ile nina wazo moja ambalo nimelisema kwenye harusi, kwenye vijiwe na kwa kila kijana anayeniambia mkewe ni mjamzito: arobaini ni ya mama na mtoto, lakini makaratasi yake ni ya baba. Mila zetu zimeshatupa muda. Kuna siku arobaini ambazo mwanamume yule hatakiwi jikoni, hatakiwi chumbani, na miguu yake ni mizima. Apewe bahasha ya kaki atoke nayo.

Tena sheria haimwachii hiari. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwa na jina, uraia na kuwajua wazazi wake, kisha inamkabidhi mzazi au mlezi wajibu wa kuhakikisha kizazi kimesajiliwa. Usajili unatakiwa ufanyike ndani ya siku 90. Ukichelewa hufungwi, ila safari inarefuka. Na kwa mtoto mchanga siku hizi safari yenyewe ni fupi kuliko ilivyokuwa wakati wetu. Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ilianza kusogeza usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano kutoka makao makuu ya wilaya hadi vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti chao kikawa bure. Mpango umetembea mkoa kwa mkoa. Zanzibar wana wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asianze safari ya kuja Dar es Salaam kwa sababu yangu.

Usifikiri kila mtu alikuwa mbele yangu. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015/16 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini, waliosajiliwa ni 26. Waliobaki hawakuwa watoto wa wazembe. Wengi ni wa watu waliojua kabisa kwamba mtoto ni wa nani, kijiji kizima kinajua, na kwa hiyo hawakuona cha kuthibitisha. Kijiji ni shahidi mzuri sana, lakini hakiji dirishani.

Dirisha la kwanza ni bima, kisha darasa la kwanza, halafu pasi ya kusafiria, ambako Uhamiaji hawataki cheti chako peke yake, wanataka na cha mzazi au kiapo cha kuziba pengo. Lakini dirisha linaloumiza kuliko yote liko mbali, mtoto akishavuka kidato cha sita. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inamtaka mwombaji awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na aliyefiwa na mzazi alete na cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Pita karibu na ofisi za usajili wa vizazi msimu wa maombi ya mikopo uone. Vijana wa miaka kumi na tisa, wenye ufaulu wao mzuri mkononi, wanapiga simu nyumbani kuuliza kama cheti cha ubatizo bado kipo, kama kadi ya kliniki ilinusurika mafuriko, kama mwalimu mkuu wa shule ya msingi anaweza kuandika barua. Mtoto anatafuta ushahidi kwamba alizaliwa. Hapo baba wa kwenye kochi ana umri wa miaka hamsini na anasema, "Mbona sisi hatukuulizwa?"

Kwenye majina nitakaa kidogo, kwa sababu huko ndiko tunakoharibu. Sisi ni watu wa majina mengi. Kuna la nyumbani, la dini, la babu, la shule, na lile ambalo mwalimu wa darasa la kwanza alilisikia vibaya akaliandika hivyo hivyo. Asha anakuwa Aisha, Jumaa anabaki Juma, Elisabeti anapata z mahali pa s na h mwishoni. Kwa kuongea hakuna tatizo, ukiitwa unaitika. Karatasi haiitiki. Baba ndani ya arobaini akae na vitambulisho viwili, chake na cha mkewe, aandike kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, majina matatu ya kila mmoja kama yalivyo pale, na majina matatu ya mtoto. Kipande hicho ndicho kiende hospitali, kata, kliniki, kanisani au msikitini na kwenye bima. Asiseme jina kwa mdomo mbele ya karani. Aonyeshe. Na kama babu hajapiga simu kutoa jina, basi babu apigiwe yeye.

Kuna kina mama wanaosoma hapa na kujiuliza baba gani huyo ninayemsema, maana wa kwao alikata simu mimba ikiwa na miezi minne. Kwao jambo ni moja: usimsubiri. Mama peke yake anaweza kumsajili mtoto wake. Suala la nani ni baba, na la matunzo, lina njia yake, kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii hadi mahakamani, ambako Sheria ya Mtoto inaruhusu kuombwa uthibitisho wa uzazi. Njia hiyo ni ndefu. Cheti kisiwekwe foleni nyuma yake.

Sasa nije kwenye nusu ya pili ya bahasha, ambayo haina picha nzuri za kutuma kwenye kundi.

Ipo arobaini nyingine. Ile ya kwanza watu huja na khanga, sabuni na sukari. Ya pili huja na rambirambi. Ni watu wale wale, mara nyingi kwenye sebule ile ile, wamekaa mkekani, wanasubiri khitma au misa iishe ndipo kikao cha ukoo kianze. Nimekaa vikao kadhaa vya namna hiyo. Baba mkubwa anafungua, mmoja wa vijana waliosoma anapewa daftari aandike muhtasari, watu wanapitishiwa karatasi ya mahudhurio wasaini. Mjane yuko chumbani. Kisha shangazi anatumwa, anasukuma mlango taratibu na kuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Wifi, hati ziko wapi?"

Kila nilipolisikia swali hilo nimegundua kwamba jibu lake lilipaswa kuandikwa kwenye arobaini ya kwanza. Kiwanja cha Chanika kilinunuliwa kwa karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, imeandikwa jina la marehemu tu, na shahidi wake mmoja amehama. Kazini aliwaandikisha wategemezi wake angali kapera: mama yake na mdogo wake wa mwisho, ambaye leo ana ndevu. Kwenye SACCOS alitaja mrithi, hakuna anayekumbuka ni nani. Simu ina pesa na ina namba ya siri. Na mjane yule chumbani, aliyezaa naye watoto wawili, hana cheti cha ndoa, kwa sababu mahari ilipokelewa na sherehe ikasogezwa "hadi hali ikae vizuri".

Mitaani tunadanganyana kwamba ukikaa na mwanamke miezi sita ameshakuwa mke wako kisheria. Sijui miezi sita hiyo ilitoka wapi, lakini kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971 haimo. Kifungu cha 160 kinazungumzia miaka 2 au zaidi ya kuishi pamoja kiasi cha watu kuwaona kuwa mume na mke, na hata hapo kinachopatikana ni dhana ya ndoa, kitu ambacho upande wa pili unaruhusiwa kuja kukipinga kwa ushahidi. Mwanamke aliyefiwa na mtu aliyeishi naye hivyo ataanza kuthibitisha kwamba alikuwa mke huku amevaa nguo za msiba.

Mirathi yetu wenyewe ni nguo ya viraka. Kuna sheria ya Kiislamu. Kuna sheria ya kimila, iliyoandikwa kwenye matangazo ya serikali ya 1963. Na kuna Sheria ya Urithi ya India ya 1865, iliyotungiwa India ya Malkia Victoria, ikaletwa huku na Waingereza na mpaka leo inagawa mali za Watanzania. Usipoandika chochote, watabishana kwanza wewe ulikuwa mtu wa sheria ipi: uliishije, ulizikwaje, uliswali wapi.

Kanuni za kimila za 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Isome tena ukiwa na mtoto wa wiki tatu mapajani. Wajane wawili wa Shinyanga, ambao kwenye kumbukumbu za Umoja wa Mataifa wanatajwa kwa herufi tu, E.S. na S.C., walitolewa majumbani mwao wakiwa na watoto wadogo, wakaenda Mahakama Kuu kuzipinga kanuni hizo. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba zinabagua, lakini haikuzifuta. Wakakata rufaa. Baada ya kama miaka minne Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao bila kugusa hoja yenyewe, kwa kuwa hati ya amri ya Mahakama Kuu ilikuwa na kasoro ya tarehe. Hawakuiandika wao. Ilibidi wavuke mipaka hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Mimi niliyeicheka h moja naikumbuka sana tarehe ile.

Mtoto ana kinga kidogo. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Kinga hiyo inafanya kazi pale ambapo kuna mtu mzima wa kuisimamia na karatasi inayoonyesha mtoto ni wa nani, na hapo tunarudi kwenye tangazo lenye mduara wa chai.

Kuandika wosia si jambo kubwa kama tunavyolikuza. Kwa anayefuata mila na anajua kusoma na kuandika, wosia wa maandishi unataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Wosia wa mdomo nao ni wanne. Mwislamu anajua mipaka yake: asipite theluthi moja ya mali, na asimwandikie aliye mrithi tayari. Uwe na tarehe, uandikwe kwa wino, usainiwe mbele ya mashahidi. RITA inaandika na kutunza wosia, wakili naye anaweza, hata viongozi wa dini wengi wanayo masanduku yao. Kazi ngumu iko mdomoni. Ukisema neno wosia sebuleni mtu anakuambia unajichuria. Mama yangu aliposikia nimeenda kuuliza utaratibu, aliweka chini kikombe na kuuliza kama daktari ameniambia kitu. Nikamwambia hapana, mama, nimepata mtoto. Hakuona uhusiano.

Mahakama ya Mwanzo ikishamteua msimamizi wa mirathi, sheria inamtaka arudi ndani ya miezi minne na orodha ya mali, na baadaye alete hesabu ya namna alivyoigawa. Nimeona wasimamizi wanaoamini wameteuliwa kuwa wamiliki. Nimemwona mmoja aliyekaa na hati miaka sita, na kila akiulizwa anasema watoto bado wadogo. Walikuwa wadogo kweli. Mkubwa wao alikuwa amefika kidato cha nne.

Mtoto wetu wa pili amezaliwa mwaka huu. Siku ya tatu nilikuwa kwenye foleni na kipande changu cha herufi kubwa, mama mkwe akinitania kwamba nimeajiriwa. Tangazo lina jina, lina h zake zote. Nimebadilisha wategemezi kazini, na kiwanja tumekwenda kuandikiana upya, majina mawili. Usiku mmoja, bibi wote wawili wakiwa wamelala, mke wangu alikuja kukaa kwenye kochi na mtoto begani, tukaanza kuandika wosia kwenye daftari la hesabu la binti yetu. Mali ilichukua dakika kumi, si nyingi. Tukafika kwenye mstari wa nani atawalea tukiondoka wote wawili. Yeye akasema dada yake. Mimi nikasema dada yangu, ana nyumba. Akasema dada yangu anapiga. Nikasema dada yake anahamahama. Mtoto akalia, akanyonyeshwa, akalala tena, na bado tulikuwa hapo. Kila kitu kingine nimekiandika kwa wino. Mstari ule una majina mawili kwa penseli, na kifutio kiko ndani ya daftari.